NANI ALIPAYE HARAKA YA MIZIGO?

Ndugu wanachama,

Kila siku twaambiwa kwamba kazi ya forodha imeendelea. Mabwana wa kampuni za kutoa mizigo wasema hivyo, na wakubwa wa serikali wasema hivyo. Chama hakikatai. Lakini twauliza: faida ya haraka hii imeingia mfuko wa nani, na hasara yake imebebwa na bega la nani?

Tazameni. Zamani lori la Uganda lilisimama Malaba au Busia, likakaguliwa upande huu, kisha likavuka likakaguliwa tena upande wa pili. Mwaka 2014 nchi za Afrika Mashariki zilianza eneo moja la forodha, na ushuru wa mizigo ya Uganda na Rwanda ukawa walipwa kabla mizigo haijatoka Mombasa. Mwaka 2018 kikafunguliwa rasmi kituo cha pamoja cha Busia, ambapo maofisa wa nchi mbili hukaa mahali pamoja. Karatasi zilizobebwa mkononi sasa zapita katika kompyuta. Haya ni mema kwa mwenye mali, na kwa dereva aliyekuwa akilala chini ya lori lake. Lakini karani wa mpakani aliyejaza fomu zile, na kibarua aliyeshusha na kupakia, nani aliwauliza?

Kisha ikaja reli mpya. Mwaka 2019 ilitoka amri kwamba mizigo ya Nairobi na ya bara ipande treni. Watu wa Mombasa wakaandamana, maana kazi ya yadi na ya malori ilikuwa inahama. Tarehe 13 Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto akaamuru kazi ya kutoa mizigo irudi Mombasa. Mombasa ikafurahi. Lakini karani aliyekwisha kuhamia Embakasi, akapanga chumba na kutia watoto shule, je? Amri ya kwanza haikumwuliza, wala ya pili haikumwuliza. Mfanyakazi si kontena la kuinuliwa kwa winchi na kutuliwa popote.

Matajiri hujibu: "Si sisi, ni mashine iliyochukua kazi." Ndugu, mashine haiandiki barua ya kufukuza mtu. Barua ina sahihi ya bwana.

Basi kila mmoja aijue Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Fungu la 40 lasema kwamba kazi ikipunguzwa, tajiri sharti akiarifu chama na ofisa wa kazi si chini ya mwezi mmoja kabla, na aeleze sababu. Sharti alipe likizo iliyobaki, na malipo ya si chini ya siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Mwenye miaka 9 ana haki ya siku 135, mbali na mshahara wa notisi. Na fungu la 37 lasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo mwezi mmoja ahesabiwe mtu wa mshahara wa mwezi. Wako wanaoitwa vibarua miaka mingi katika yadi ile ile. Huo ni ujanja, si sheria.

Kwa hiyo twataka mambo matatu. Kwanza, kabla ya kubadili mfumo wa forodha au njia ya mizigo, wafanyakazi wawe na kiti mezani pamoja na matajiri. Pili, karani wa zamani afundishwe mfumo mpya kwa gharama ya kampuni, asiletewe kijana wa kandarasi ya miezi mitatu kushika nafasi yake. Tatu, vibarua wa kudumu waandikwe.

Msidhani haya ni ndoto. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, mji ukasimama. Machi 1955 makuli wa bandari waligoma tena, Tom Mboya akasaidia katika mashauri, na nyongeza ikapatikana. Wale hawakuwa na sheria ya kuwalinda kama hii tuliyo nayo. Walikuwa na umoja.

Ukiitwa ofisini ukapewa karatasi ya kutia sahihi, usitie siku ile. Ilete kwa katibu wa tawi kwanza, isomwe.

UMOJA NI NGUVU.