Mgeni wa Siku Tatu

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Neno hilo lilitungwa kwa ajili ya mgeni aingiaye kwa mlango, akaketi, akala, akajulikana jina lake na la baba yake. Halikumjua mgeni wa zama hizi, ashukaye asubuhi kwa ndege ndogo katika kiwanja cha Kogatende, akapakiwa garini pamoja na wenzake watano au sita, akawangojea nyumbu kando ya Mto Mara siku mbili, na siku ya tatu, ambayo ndiyo siku ya jembe, yumo angani tena akielekea Arusha au Unguja. Mgeni huyo amefika Wilaya ya Serengeti, na yamkini amevuka ng'ambo akaikanyaga Tarime. Kama wilaya hizo zina watu, hana habari.

Julai 2025 picha zilizopigwa Kogatende zilienea duniani. Zilionyesha watalii wameshuka katika magari yao na kusongamana ukingoni, hata nyumbu waliokuwa wakivuka wakazibiwa njia. Watu wengi walikasirika, na Shirika la Hifadhi za Taifa likakemea. Hasira ile ilikuwa ya haki, ila iliwaangukia madereva na watalii wa siku ile tu. Sababu iliyowafikisha pale haikuguswa. Mtu aliyelipa fedha nyingi ili aone jambo moja katika saa 48, atakubali vipi kulikosa? Na dereva ambaye bahashishi yake yategemea jambo hilo hilo, atapata wapi ulimi wa kumkataza? Safari fupi ya makundi ndiyo iliyowashusha garini, na maadamu yauzwa vivi hivi, itawashusha tena.

Watetezi wa biashara hii husema kwamba mgeni wa muda mfupi ndiye mgeni mwema: hakai, hachoshi, huacha fedha akaenda zake. Huacha wapi? Ada ya kuingia hifadhini huenda katika mfuko wa taifa, na hilo ni jema, maana shule ya Lindi nayo yataka bati. Lakini bei ya kitanda na chakula imekwisha lipwa kabla mgeni hajatoka kwao. Muuza ndizi wa sokoni Mugumu hauoni hata mkono wake. Ni haki kutaja kwamba vijiji vitano vya Robanda, Nyichoka, Park Nyigoti, Makundusi na Nata-Mbiso viliungana katika Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, navyo hupata fungu katika malipo ya wageni walalao katika ardhi yao. Basi jambo lawezekana. Lakini vijiji vitano si wilaya mbili.

Na gharama ni ya nani? Mkulima wa vijiji vinavyopakana na hifadhi hukesha shambani mwake akipiga madebe, ili tembo yule yule aliyepigwa picha mchana asile mahindi usiku. Akishindwa, hupewa kitu kiitwacho kifuta jasho. Jina lenyewe lakiri kuwa jasho lilimwagika na kwamba kilichotolewa si fidia. Upande wa Tarime, wazee bado huitaja Lamai kwa malisho yake; hifadhi ilitangazwa mwaka 1951, na pembe hiyo ya kaskazini ya mto ikatiwa ndani yake katika miaka ya 1960. Ng'ombe akikutwa humo leo, mwenyewe hushtakiwa. Mgeni wa siku tatu huambiwa kwamba nchi ile ni nyika tupu tangu kuumbwa ulimwengu, na kwa kuwa hana siku ya nne, huamini.

Hata mto wenyewe haujui. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2017 walihesabu kwamba, kwa wastani, nyumbu wapatao 6,250 hufa majini humo kila mwaka, na kwamba mifupa yao huendelea kuulisha mto kwa miaka mingi. Mgeni huona mruko na mamba, akapiga makofi. Hajui kwamba maji yale yametoka msitu wa Mau katika Kenya, na kwamba yakitoka hifadhini hupita baina ya Tarime na Serengeti, yakanywewa na watu na mifugo, kisha yakaingia katika mabwawa ya Mara na Ziwa Viktoria.

Itatajwa mifano ya Ulaya, ambako likizo fupi za makundi zimejaa tele. Na itajwe. Kundi linalosafiri kwa mashua ya tanga juma moja katika pwani ya Italia, toka Procida hata Ponza, hulazimishwa na bahari kutia nanga jioni penye kijiji. Hununua mkate na samaki, hujaza maji, huketi barazani kwa watu. Na pale wageni walipozidi kipimo, Waitalia walijua kukataa: Agosti 2021 meli kubwa za watalii zilipigwa marufuku kupita katika mfereji wa Giudecca mjini Venice, na Venice haikufa njaa.

Watasema Mugumu hapana uzuri wa kumlaza mgeni. Mji utapata wapi uzuri huo ikiwa kila mgeni hupitishwa juu yake kwa ndege? Lango la Tabora B halipo mbali na mji. Ngome waliyoijenga Wadachi ipo Ikoma, na wapiga litungu wapo Tarime, wala hawahitaji kufundishwa kazi yao. Leseni za biashara ya utalii hutolewa na serikali, nazo zimekwisha jaa masharti ya magari na ada. Sharti la idadi ya magari kwenye kivuko, na sharti la usiku mmoja Mugumu au Tarime kwa kila kundi liendalo Kogatende, yangechukua mistari miwili.