SOMO LA JUMA: Lubumbashi–Kalemie, ndege ni saa ngapi?



Swali hili linarudi mara nyingi katika mikutano yetu: kutoka Lubumbashi mpaka Kalemie ni mbali namna gani, na ndege inachukua muda gani? Tunalijibu leo kwa sababu familia nyingi zinasema, «Ndege ni saa moja tu», kisha zinangojea siku ya mwisho ndipo zisafirishe mgonjwa ao mama mwenye mimba.

Tuchukue ramani ya watoto wetu wa shule. Ikiwa santimetre 1 ya ramani ni kilometre 50, tuweke rula kutoka mji mmoja mpaka mwingine: tutapata santimetre 13 na kidogo. Tukizidisha kwa 50, ni karibu kilometre 660. Huo ndio mstari ulionyooka, na ndege inaufuata. Reli inazunguka kupitia Kamina na Kabalo. Barabara nayo inapindapinda, na wakati wa mvua matope yanasimamisha magari.

Sasa tugawanye. Ndege ya jeti inakwenda zaidi ya kilometre 700 kwa saa: itafika kisha saa 1 hivi. Ndege yenye mapanga yanayozunguka inakwenda polepole zaidi, karibu kilometre 450 ao 500 kwa saa: tuhesabu saa 1 na nusu.

Lakini safari haianzie angani. Tuseme ndege inaruka 10 h 00. Inafaa tuwe uwanjani Luano 8 h 00, kwa hiyo tunatoka nyumbani 7 h 00. Tunashuka Kalemie 11 h 30, tunangojea mizigo, tunatafuta pikipiki. Tunaingia nyumbani kwa ndugu 12 h 30. Saa 1 na nusu ya angani imekuwa saa 5 na nusu. Na ndege haipatikane kila wakati tunapoihitaji: tuulize kwanza siku zake, kisha tupange.

Kwa mama mwenye mimba, mashirika mengi ya ndege yanaomba cheti cha daktari kuanzia juma la 28, na kisha juma la 36 yanakataa kumpandisha. Kama daktari amesema atazalia katika mji mwingine, tumsafirishe mapema. Damu ikianza kutoka, tusingojee ndege: twende hospitali iliyo karibu saa ileile.

Mtoto mchanga tumpe ziwa wakati ndege inapanda na inaposhuka. Kumeza kunamsaidia masikio yasimuume.

Kazi ya nyumbani, tuifanye pamoja na watoto: tiketi inasema ndege inatoka Lubumbashi 10 h 00 na inafika Kinshasa 11 h 15. Je, imeruka saa 1 na robo? Hapana. Saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu kwa saa 1, kwa hiyo imeruka saa 2 na robo. Kalemie tuko na saa moja nao.

Wamama, kilometre zinapimwa kwa rula, lakini mgonjwa hapimi njia kwa rula. Tuketi na waume wetu, tuhesabu siku na feza, wakati wote wangali wazima.