Anayetoa Elimu Analipwa Posho

Muulize mtu wa Dar es Salaam kwa nini masika yakipiga Mto Ruvu unageuka rangi ya chai ya maziwa. Jibu analo mdomoni: wakulima wa milima ya Uluguru, mto unakotoka, hawana elimu. Wapelekewe semina.

Semina hizo nimezikalia. Ofisa anateremka kwenye gari, anaeleza matuta kwa saa mbili, anagawa fulana, anasaini posho, anaondoka. Pale chini ya mwembe, asiyelipwa kwa ajili ya udongo ni mwenye jembe peke yake.

Na somo lenyewe si geni Uluguru. Mkoloni alilileta kwa amri mwanzoni mwa miaka ya 1950. Matuta ya ngazi yakafukua udongo usio na rutuba, watu wakachoka, na mwaka 1955 zikazuka vurugu hata mtu akapoteza maisha. Waluguru walielewa vizuri sana walichoambiwa. Walikuwa wamepiga hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Tuta linamega shamba ambalo tayari ni kijipande. Linakula siku ambazo kibarua kingeleta sukari nyumbani. Linataka samadi, nayo haipandi mlima yenyewe. Mavuno ya kufidia hayo yote husubiriwa misimu kadhaa, ilhali maji yenye tope pungufu yanateremka mara moja hadi mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, kisha bombani kwako. Anayechimba yuko kule, anayekunywa yuko huku. Mashirika ya WWF na CARE yalipowalipa wakulima wa Kibungo Juu, huko huko Uluguru, DAWASCO, iliyokuwa kampuni ya maji ya Dar es Salaam, nayo ikichangia, yalikuwa yanaziba pengo hilo.

Utaniambia: fedha zikikatika, watarudia yale yale. Kweli. Uganda, huko Hoima na Kibaale, wenye misitu waliahidiwa shilingi 70,000 za nchi hiyo kwa hekta kwa mwaka wasikate miti. Katika miaka miwili, vijiji vilivyoingia kwenye mpango vilipoteza asilimia 4.2 ya miti yao. Vilivyoachwa nje, asilimia 9.1. Malipo yalipokoma, mashoka yakarudi kazini. Pampu za Ruvu nazo zikikatiwa umeme husimama, ila sijasikia mtu akishauri zipelekewe semina.