Usiwaite "Wengine", wawekee kisanduku chao

Vijana wenzangu, wiki iliyopita hapa Kisugu tuligombana juu ya grafu. Msicheke, ugomvi wenyewe ulikuwa na maana.

Tulikuwa tunatengeneza bango la kuonyesha wakimbizi wa Uganda wametoka nchi gani. Tulichukua takwimu za mwisho wa 2022. Sudani Kusini ni zaidi ya 800,000. Sisi Wakongo ni zaidi ya 400,000. Halafu kuna Wasomali, Warundi, Waeritrea, Wanyarwanda: hakuna kundi kati yao linalofika hata 100,000. Warundi, kwa mfano, ni kama 40,000 hivi.

Sasa piga hesabu. Ukichora nguzo ya Sudani Kusini yenye sentimita 20, ya Warundi inapata sentimita 1. Kwenye simu utaona kamstari tu. Mwenzetu mmoja akasema tuwaunganishe wote hao wadogo, tuandike "Wengine", yaishe. Dada mmoja Mrundi akauliza, "Kwa hiyo mimi ni Wengine?" Tukanyamaza.

Mimi nasema yule dada ana haki. Nilipokuwa najitolea kambini niliona tangazo la chanjo likisomwa kwa lugha za wale walio wengi tu. Mama mmoja ambaye lugha yake haikuwemo alifika kesho yake, mtoto mgongoni, akakuta watu wameshafunga wameenda. Mtu anayepanga wakalimani anaangalia grafu kama hizi zetu. Asiyemwona kwenye grafu, hampangii kitu.

Na dawa ipo, si ngumu. Nguzo fupi zinaacha nafasi tupu juu yake. Hapo ndipo unaweka grafu ndogo ndani ya ile kubwa. Sisi tunatumia Python na matplotlib, basi ni mistari michache:

dogo = ax.inset_axes([0.45, 0.4, 0.5, 0.5])
dogo.bar(nchi_ndogo, idadi_ndogo)
dogo.set_ylim(0, 80000)

Zile namba nne zinasema kisanduku kianzie wapi toka kushoto, wapi toka chini, kiwe na upana gani na urefu gani. Zinahesabiwa kama sehemu za grafu kubwa, yaani 0.5 ni nusu yake.

Lakini angalieni, hapa ndipo na sisi tuliteleza. Mara ya kwanza tulisahau kuandika namba pembeni mwa kisanduku. Kijana mmoja akaangalia akasema, "Kumbe Wasomali ni wengi kama Wakongo!" Kosa halikuwa lake, lilikuwa letu. Kisanduku kina kipimo chake, kwa hiyo lazima kiwe na namba zake na kichwa kinachosema wazi: "Hapa tumekuza". Bila hivyo unakuwa umedanganya watu, hata kama nia yako ni nzuri.

Kuna aliyesema tutumie kipimo cha logi, kisanduku hakihitajiki. Nakataa. Kwenye logi kila hatua inazidisha mara kumi, hivyo 40,000 inasimama karibu na 800,000 kama majirani. Aliyesoma hesabu ataelewa, lakini bango letu linasomwa na mama zetu wanaouza mboga. Wao wanaamini macho, na macho yatawaambia uongo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: grafu kubwa ibaki na ukweli wake, kwamba wengine ni wengi sana. Kisanduku nacho kiseme kwamba walio wachache wapo, na idadi yao ni hii. Hakuna anayepunguziwa kitu.

Bango liko ukutani tayari. Maneno ya juu ya kisanduku aliyaandika yule dada mwenyewe, kwa Kiswahili na kwa Kirundi.

Tuko pamoja.