Margarita ni Nani?
Mkaka akikuagizia margarita na kukuambia kwamba kilitungwa kwa ajili ya mrembo fulani, mpe masikio tu, usizimike. Wanaodai kukitunga ni wengi, na karibu kila mmoja ana mrembo wake! Mimi namkubali Margarita Sames wa Texas, aliyesema alikichanganya mwenyewe nyumbani kwake Acapulco, Mexico, mwaka 1948. Ila mwaka 1936 gazeti moja la Marekani lilishaandika kuhusu “daisy” ya tequila huko Tijuana. Daisy ni kinywaji cha zamani chenye pombe kali, ndimu na utamu kidogo. Pia ni ua, ambalo kwa Kihispania ni margarita. Kwa hiyo shosti, ukiambiwa jina ni la demu, jibu: ni ua. Na la kwako jinunulie mwenyewe!