Sura au Herufi?

Kijana mmoja wa Elwak hupata riziki kwa kuchora sura za watu. Mamake hapendi. Humwonya kwamba Siku ya Kiyama wachoraji wataamriwa kuzitia uhai sura walizochora. Juzi akaniuliza, “Mjomba, nitaitumikiaje dini kwa mkono huu?”

Nilimkumbuka Elimo Njau, Mtanzania aliyechora kuta za kanisa la Mtakatifu Yakobo, Murang'a, katika miaka ya 1950. Yesu wake ni Mwafrika. Lakini Njau alichorea Wakristo, nalo kanisa lilimpa ukuta.

Elwak ni mji wa Waislamu. Hapo msikitini hapatundikwi sura ya mtu. Pambo ni maandishi. Nikamwambia aende duksi, aketi na maalimu, achonge kalamu, akoroge wino wa mkaa, aandikie watoto aya kwenye ubao. Mtoto akishahifadhi, ubao huoshwa.

“Kwa hivyo kazi yangu itafutwa?” akauliza kwa huzuni.

Itafutwa ubaoni, mwanangu, lakini itabaki kifuani mwa mtoto. Na mama atalala usingizi. Wewe msomaji, ungemshauri vipi?