Dawa ya mwezi ujao itolewe kabla ya daraja kufungwa

Mnamo Aprili 6, 2020, serikali ya Kenya ilichora mpaka kuzunguka Nairobi na viunga vyake, ikapiga marufuku watu kuingia wala kutoka ili kuuzuia ugonjwa wa korona. Upande wa kaskazini mpaka huo uliishia kwenye daraja la mto Chania, mjini Thika. Murera, Juja na Ruiru zikawa ndani. Vijiji vya Murang'a vilivyo ng'ambo ya mto, ambavyo wakazi wake wengi wamezoea kutibiwa Thika, vikawa nje. Tayari tangu Machi 27 palikuwa na kafyu ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mpaka huo haukufunguliwa hadi Julai.

Hebu msomaji azipime siku hizo kwa kipimo cha mtu mwenye kisukari, shinikizo la damu au kifafa, ambaye kila ajapo kliniki hupewa dawa za siku 30. Katika muda wa mpaka ule alihitaji kuchukua dawa mara tatu. Kila mara alipaswa kutafuta gari ambalo nauli yake ilikuwa imepanda kwa kuwa lilibeba abiria wachache, na kurejea kabla ya giza. Iwapo kliniki yake ilikuwa ng'ambo ya pili, alikuwa na askari wa kizuizini wa kumwelezea shida yake. Mzigo huo ungalipungua sana lau mgonjwa angalipewa akiba mapema, na mlipaji wake, yaani bima, akakubali kuilipia.

Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Bima ya afya hulipia dawa za maradhi ya kudumu kwa vipindi. Kipindi kisipokwisha, ombi la kulipiwa dawa nyingine hukataliwa, na anayezitaka mapema huambiwa arudi siku yake itakapofika. Kanuni hiyo si ya uonevu. Mwenye bima anaogopa dawa zisije zikarundikwa nyumbani hadi zikaharibika, zisije zikauzwa, na asije mtu akachukua za miezi sita kisha akahama mpango. Katika siku za kawaida hofu hiyo ina mashiko. Lakini kanuni iliyotungwa kwa siku za kawaida, ikitumiwa bila kubadilishwa katika siku za maafa, humwadhibu yule yule aliyetii masharti: aliyekunywa dawa zake kwa hesabu na kubakiwa na chache tu.

Wala tusidhani kuwa korona ilikuwa ajali ya mara moja. Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliwatenga wagonjwa wengi wa Bonde la Ufa na kliniki zao. Machi 26, 2021, Kiambu ilifungiwa tena pamoja na Nairobi, Machakos, Kajiado na Nakuru, hadi Mei 1. Mwaka 2024 madaktari wa hospitali za umma waligoma tangu Machi 14 hadi Mei 8, na katikati ya mgomo huo yakaja mafuriko yaliyoua mamia ya watu na kukata barabara. Shule zilizopaswa kufunguliwa Aprili 29 zikakaa zimefungwa hadi Mei 13. Kisha Mei 2025 madaktari wa kaunti ya Kiambu wakaanza mgomo wao wenyewe, uliodumu takriban miezi mitano. Kwa hivyo mkazi wa Murera, pale baina ya Ruiru na Thika, ambako ardhi ya mkonge na kahawa imegeuka kuwa ploti za makazi, amekutana na vizuizi vya aina nne au tano katika muda usiozidi miaka sita. Jambo linalorudi mara nyingi kiasi hicho lafaa liwekewe kanuni.

Tunao mfano wa hapa nyumbani unaoonyesha kwamba jambo hili lawezekana. Wagonjwa wa ukimwi ambao hali yao imetulia walikuwa wameruhusiwa, hata kabla ya korona, kuchukua dawa za miezi mitatu kwa pamoja. Korona ilipoingia, utaratibu huo ulipanuliwa ili watu wasisongamane kliniki. Hekima yake ilidhihirika zaidi pale ulipokosekana: mapema 2021, shehena ya dawa hizo ilipozuiliwa katika bandari ya Mombasa kwa sababu ya mvutano wa ushuru, vituo vililazimika kugawa dawa za mwezi mmoja au hata chini ya hapo, na wagonjwa wakatoka barabarani kulalamika. Kwa nini basi anayeugua ukimwi afikiriwe hivyo, naye jirani yake mwenye pumu asifikiriwe? Tofauti haimo katika maradhi. Imo katika mlipaji. Dawa za ukimwi zililipiwa kwa sehemu kubwa na wafadhili, nao walikubali. Dawa za pumu hulipiwa na bima au na mfuko wa mgonjwa mwenyewe.

Nje ya Afrika, jimbo la Florida nchini Marekani, ambalo hupigwa na vimbunga mara kwa mara, lina sheria inayoziamuru kampuni za bima zilipie dawa za siku 30 kabla ya wakati, pale gavana anapotangaza hali ya hatari au inapotolewa ilani ya kimbunga kwa eneo anamoishi mgonjwa. Mgonjwa hahitaji kuandika barua ya kuomba. Tangazo lenyewe ndilo linaloufungua mlango.

Je, sheria zetu zinasemaje? Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inaeleza matibabu hayo kuwa ni huduma ya lazima na ya haraka ya kuzuia kifo au kuzidi kwa ugonjwa. Nayo Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, iliyoizaa mamlaka ya SHA mahali pa NHIF, imeunda hazina tatu, ya tatu ikiwa ya dharura, magonjwa sugu na mahututi. Tazama jinsi maneno hayo yalivyowekwa pamoja: dharura na ugonjwa sugu. Hata hivyo, kimatumizi kila moja limebaki peke yake. Dharura ni ya aliyegongwa na gari au aliyepooza ghafla. Ugonjwa sugu ni wa yule ambaye fungu lake la kawaida limekwisha. Mgonjwa sugu aliyezingirwa na mafuriko haonekani katika hesabu ya ama hili ama lile, ilhali mwenye kisukari asiye na insulini huweza kuzidiwa katika muda wa siku chache tu. Kumpa chupa yake juma moja kabla ni kuzuia kuzidi kwa ugonjwa, sawasawa na maneno ya sheria.

Watakaopinga watasema gharama itapanda. Dawa ya mwezi wa Mei iliyotolewa Aprili haitatolewa tena Mei. Kilichosogea ni tarehe, na gharama halisi ni hasara ya wachache watakaobadilishiwa dawa au watakaofariki kabla ya kuzitumia. Mgonjwa mmoja anayelazwa kwa sababu ya kukosa vidonge hugharimu zaidi. Pingamizi lenye uzito ni jingine, nalo ni kwamba rafu za hospitali huwa tupu. Ni kweli, bima haiwezi kulipia kisichokuwapo, na watu wote wakikimbilia duka moja siku moja, wa mwisho atakosa. Ndiyo maana akiba iongezwe kwa siku 30 tu na si zaidi, na wauzaji wapashwe habari mapema. Aidha, dawa zinazoweza kuleta uraibu zitengwe na mpango huu. Insulini nayo ina shida yake: chupa isiyofunguliwa yataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na nyumba nyingi hazina friji. Pasipo friji, chungu ndani ya chungu, katikati pakiwa na mchanga uliolowa, hupunguza joto, ijapokuwa hakifikii ubaridi huo.

Yanayotakiwa ni mambo matatu. Kwanza, kafyu, kufungwa kwa kaunti, mgomo wa kliniki za umma, au ilani ya mafuriko kutoka Idara ya Hali ya Hewa viondoe papo hapo sharti la kusubiri kwa wakazi wa eneo husika. Pili, mgonjwa aweze kuchukua dawa hizo katika kituo chochote chenye mkataba na bima, hata kama si kile alichozoea, kwa maana kituo chake huenda kikawa ng'ambo ya mto. Tatu, kampuni za bima za kibinafsi zifungwe na kanuni hiyo hiyo.

Walimu wanalo la kufanya hapa. Tangu Desemba 2025 bima ya walimu walioajiriwa na TSC imehamishiwa SHA, kwa hivyo vyama vyao vina haki na uwezo wa kudai kipengele hiki kiandikwe. Wanafunzi hali yao ni dhaifu zaidi, kwani mpango wa EduAfya ulioanzishwa 2018 kwa ajili ya shule za sekondari za umma ulikoma kabla SHA haijaanza kazi. Mwanafunzi wa bweni mwenye pumu, kifafa au selimundu hutegemea mfuko aliofungashiwa na mzazi siku ya kufungua. Shule ziwe na orodha ya wanafunzi hao na idadi ya siku ambazo dawa zao zitadumu, ili mvua zitakapokata barabara pasiwe na kubahatisha.

Mvua za masika hurudi kila mwaka, na uchaguzi kila baada ya miaka mitano. Serikali ijuayo tarehe za mambo haya haina udhuru wa kushtukizwa nayo. Tahadhari kabla ya hatari, walisema wahenga, na tahadhari ya mgonjwa ni vidonge vya siku 30 alivyovishika mkononi daraja lingali wazi.